Siku Tuliyomtandikia Farasi Kitenge

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na miwili, magoti mazima, meno yote yapo mdomoni, na nimestaafu kazi ya farasi. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi ili tuendelee.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu, vijana wa kanisani kwetu na rafiki zenu, kwa sababu tangu lile tangazo la kazi la uwanja wa farasi litoke nimepigiwa simu na watu wanne. Wa tano amenifuata mpaka chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Hopkins, kando ya Minneapolis, nimeshika chupi za mwanangu mkononi, ananiuliza: dada, ile kazi ya kutangaza mbio za farasi kwa Kiswahili, ikoje, na wewe kwa nini uliiacha? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, someni wote, halafu mniache nifue.

Mjue mapema kwamba nina hasira. Sitaki mfike katikati mshangae. Lakini si ile hasira mnayoidhani. Kama mnatafuta mtu wa kuwaambia kubeti ni dhambi, mchungaji yupo, ana maiki na ana kila Jumapili. Mimi nitawaambia nilichokifanya pale kwa misimu saba, niliyoyaharibu, na kwa nini siku hizi nikienda nasimama nje ya fensi na mwanangu kama mtu yeyote.

Kazi yangu ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Kwa Kiswahili ni hivi: wa kuvuta vijana. Wateja wa zamani wa ule uwanja walikuwa wazee wa kofia na penseli, wanaokaa viti vilevile miaka yote, na kila msimu ukifunguliwa unakuta viti viwili vitatu vimebaki vitupu na hakuna anayeuliza wenyewe wako wapi. Ofisi ikaingiwa na hofu. Wakaleta bia ya bei rahisi, wakaleta bendi, wakaleta magari ya chakula. Wakaleta mbwa. Kweli kabisa. Kati ya mbio moja ya farasi na nyingine wanakimbiza mbwa wa miguu mifupi, matumbo yanafagia nyasi. Mmoja anakwenda mbele, wawili wanamrudia mwenye mbwa, mmoja analala hapohapo. Vijana walijaa kuwaona hao mbwa. Mbwa wakimaliza, vijana wanaondoka, farasi wanabaki kukimbia mbele ya wazee waliosalia. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya mbwa na geti la kutokea, nimevaa fulana ya kijani kama mchicha, nimzuie mtoto wa watu wa miaka kumi na tisa asirudi kwao.

Mnadhani ni rahisi. Jaribuni.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Kizungu anaitwa Darlene, miaka sabini na kitu, aliyekuwa anauza tiketi dirishani tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyevuta sigara maisha yake yote, kwa sababu alikuwa amevuta sigara maisha yake yote. Wiki yangu ya kwanza walikuja vijana wanne wa chuo, mmoja wao ana birthday, wakaniuliza wamwekee pesa nani. Nikawaonyesha farasi mmoja wa kijivu, mzuri jamani, shingo imejipinda kama kwenye picha. Wakamwekea wote wanne. Yule farasi akatoka wa mwisho, akafika wa mwisho, na katikati hapo akapata nafasi ya kunya. Wale vijana sikuwaona tena mpaka leo.

Darlene hakunigombeza. Aliniita dirishani, akanipa peremende, akasema maneno ambayo nimeyatumia mpaka kwenye kulea. Alisema, "Usimwambie mtu nani atashinda. Mwambie atazame wapi."

Basi nikaanza kujifunza pa kutazama. Kabla ya kila mbio farasi wanazungushwa kwenye uwanja mdogo nyuma ya jengo, na watu karibu wote hawaendi huko, wanapanga foleni ya bia. Nendeni huko. Tazama masikio: yakienda mbele na nyuma, huyo yuko kazini, yakilala kabisa nyuma, huyo ana ugomvi na dunia. Tazama jasho. Likimtoka katikati ya mapaja ya nyuma jeupe kama povu la sabuni, kabla hata ya kukimbia, ameshachoka kwa mawazo. Tazama anavyoweka kwato za nyuma: zikivuka alama za kwato za mbele, ana hatua ndefu. Tazama na anayemshika kamba, kwa sababu mtu huyo amelala naye jirani wiki nzima, na uso wake hauwezi kudanganya.

Hayo ndiyo ya kitaalamu. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa ukimwanzishia masikio na kwato anafungua simu. Ukimsomea kitabu cha mbio, kwamba baba wa farasi ni fulani na mama yake fulani, ndiyo kabisa. Nikagundua dawa yake mwenyewe. Nilikuwa nawapa farasi vyeo vya kanisani. Huyu mnene anayetembea pole pole huku anatazama watu ni Mzee wa Kanisa. Huyu anayerukaruka ni Mwalimu wa Kwaya, wiki ya Pasaka. Huyu anayetembea kama ameombwa atoe gari lake kwenda kuchukua wageni airport ni Shemasi. Vijana wetu walianguka kwa kicheko, na kijana akishacheka anatazama, na akishatazama hatoki. Hata vijana wa Kizungu niliwatafsiria. Nao kwao wana mashemasi.

Kuna jambo lilinishinda, nikiri. Simu. Nilipoanza kulikuwa na madirisha kumi na zaidi; nilipoondoka yalikuwa matatu, na Darlene ameshahamia kwa binti yake. Mengine yote mashine na simu. Ukitoka nyumbani unakuja na uwanja mzima mfukoni, unabeti farasi wa hapa na wa California na mpira wa Ulaya, kichwa hakijainuka. Siku moja kijana mmoja, kijana mzuri tu, mrefu, aliniuliza mbio zitaanza saa ngapi. Farasi tisa walikuwa wanapita nyuma yake wakati huohuo. Tope lilimrukia mgongoni. Akajipangusa, akaendelea kunisubiri nimjibu. Ofisini walifurahi kwamba vijana wa namna hiyo wanaongezeka. Mimi sikuelewa wanafurahia nini. Wamemleta mtu kwenye farasi na hajamwona farasi.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakitafuta mimi, msije mkaniona mtakatifu. Msimu wa mbio ni wa joto tu. Miezi mingine yote nilikuwa, na bado niko, kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku, kuogesha na kugeuza. Usiku nne kwa wiki mwanangu Ester alikuwa analala kwa jirani. Jirani mwema, simlaumu kwa lolote. Lakini ilifika siku Ester akataka kusukwa, mimi nimekaa hapo na kitana mkononi, akatoka na mafuta yake akaenda kumgongea jirani. Alikuwa na miaka saba. Nilikaa na kile kitana. Tangu siku hiyo nikawa nataka kitu kimoja tu duniani: kazi ya mchana, ya mwaka mzima. Na pale uwanjani kazi za mwaka mzima zilikuwepo, za ofisini, zenye kiti na dirisha.

Bosi wetu alikuwa kijana anaitwa Kyle, mdogo kwangu kwa miaka miwili, viatu vyeupe hata siku ya mvua. Siku moja alinikuta kwenye fensi naigiza mbele ya wasichana wa kwaya yetu. Mliozaliwa huku hamjui, lakini kule kambini Kigoma, tulikokulia sisi tuliotoka Kongo, mechi za mpira zilikuwa na mtangazaji wake, Safari wa Spika. Alisimama juu ya meza na spika ya betri. Kila mchezaji alimbandika jina la utani. Na mpira ukienda kwenye vumbi asikouona, hakunyamaza hata sekunde, alitunga. Alikuwa anatunga chenga, anatunga faulo, mara nyingine alitunga goli, na watu wakashangilia, kisha vumbi linatulia na mpira uko kwa kipa. Mimi nilikuwa namwigiza Safari, lakini kwa farasi. Kyle akasimama. Hakuelewa neno, lakini aliona vijana wa Kizungu kama ishirini wameacha mbwa wamekuja kunisikiliza.

Wiki hiyohiyo akaniita. Tutafanya siku ya Kiswahili, alisema. Utatangaza mbio moja kwenye spika za upande wa nyasi. Nijazie nyasi vijana, nami msimu ukiisha kiti cha ofisini ni chako.

Nikaenda kanisani kama mtu anayegombea ubunge. Wenye kura kwetu ni akina mama, na mwenye akina mama ni Mama Furaha, ambaye ukimwona mfupi hivi unaweza kumpita, na utajuta. Nikamwahidi hakuna wa kulazimishwa kubeti. Mje muone farasi, wale vijana wenu watakuja wenyewe. Akaniuliza kama kuna kivuli. Nikasema kipo. Akasema watakuja.

Walikuja. Jamani walikuja. Akina mama kumi na nane wamevaa sare ya kitenge cha njano na bluu, vilemba vimefungwa juu kama mnara, mikufu, viatu vya harusi. Nyuma yao vijana, na rafiki za vijana, na Wakenya wa kutoka hospitali bado wana vitambulisho shingoni. Nyasi zilijaa. Kyle alikuwa anapiga picha huku anatetemeka kwa furaha.

Mbio za tano zikaanza, mimi juu ya jukwaa na maiki. Namba mbili alikuwa Shemasi, namba saba Mwalimu wa Kwaya, na namba nne alikuwa farasi jike mwenye masikio yaliyolala nyuma wakati wote, huyo nilimpa jina la Mama Mkwe. Kwenye upande wa mbali wa uwanja nilikuwa sioni kitu, jua liko usoni. Nikafanya kama Safari. Nikatunga kwamba Shemasi ameombwa mchango akarudi nyuma. Nikatunga kwamba Mama Mkwe ameuliza mbona chakula kimechelewa. Nyasi nzima inapiga kelele. Walipotokea kwenye kona, kumbe kweli, Mama Mkwe yuko mbele, ametanguliza shingo, na juu yake mpanda farasi mmoja mdogo wa Panama anaitwa Nando, mtu mzima, ambaye msimu ule wote alikuwa ameshinda mara moja tu. Wakavuka mstari wa mwisho wakiwa wa kwanza. Mimi nikachanganyikiwa kwa raha. Nikasema kwenye maiki, kwa Kiswahili, maneno haya, nayakumbuka yote:

"Akina mama, mshindi wetu huyo anarudi. Mpokeeni kama bibi harusi."

Nilikuwa natangaza tu. Lakini nilikuwa naongea na akina mama kumi na nane wa Kongo, na wao wanajua bibi harusi anapokewaje.

Mjue kwamba mshindi akirudi anaingizwa kwenye duara dogo kupigwa picha na wenye farasi. Kuna kigeti, kuna mlinzi. Yule mlinzi alipoona akina mama wanakuja wamependeza namna ile, akadhani ndio wenye farasi. Aliwafungulia. Aliwapongeza. Mama Furaha akampa mkono. Kisha wakafungua vitenge vyao vya juu, kila mmoja chake, wakavitandika chini kuanzia getini, kimoja baada ya kingine, njano na bluu, wakajipanga kushoto na kulia, na Mama Mkwe alipotokea na jasho lake wakapiga vigelegele kwa pamoja.

Farasi hapendi kitu kigeni chini ya miguu yake. Mfuko wa plastiki tu unamtosha. Huyu alikutana na mita ishirini za kitenge na koo kumi na nane. Alisimama kwa miguu ya nyuma kama mtu, Nando akaondoka mgongoni, nikamwona hewani, nikamwona chini. Farasi akageuka, akaruka uzio wa maua, akapita kwenye meza za bia, watu wanalala chini na glasi wamezishika juu, akaenda kusimama kwenye kizimba cha wale mbwa. Mbwa wote kumi wakaanza kumbwekea kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Huko ndiko alikokamatwa, mzima, anakula saladi ya mtu.

Nando alikuwa amevunjika mfupa huu wa chini ya shingo. Alibebwa.

Kyle alikuja juu kwangu, uso mwekundu, akaniuliza nilichowaambia. Sasa sikilizeni, hapa ndipo ningeweza kujiokoa. Kwenye ofisi yote ile hakukuwa na mtu mmoja anayejua Kiswahili. Ningesema nimewaambia wasisogee. Ningesema wamekosea wao, na kile kiti cha ofisini kingebaki changu. Niliwatazama akina mama kule chini, wanakunja vitenge vyao polepole, hawaelewi walichokosea, Mama Furaha ameshika kilemba kama mtu aliye msibani. Nikamwambia Kyle ukweli, neno kwa neno. Akatoa simu akaandika. Akanirudisha nyumbani, nisubiri kuitwa.

Tulivyofanya baada ya hapo ni kile tunachofanya sisi. Siku ya tatu tulikwenda kumwona mgonjwa. Akina mama saba na mimi wa kutafsiri, kwenye chumba kimoja cha Nando, sufuria ya fufu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Waliimba wakiwa wamesimama kwenye korido kwa sababu ndani hawakuenea. Walimwekea mikono kila mahali isipokuwa pale palipovunjika. Akataka kula, na mkono wake wa kulia umefungwa, akapeleka wa kushoto kwenye sahani. Mama Furaha hakuvumilia. Alivuta kiti akamlisha mwenyewe, matonge, kama mtoto.

Na Nando, mdomo umejaa sombe, akaanza kusimulia. Alisema amepanda farasi zaidi ya miaka ishirini. Ukishinda, maua ni ya farasi, picha ni ya mwenye farasi, wewe unashuka unaenda kupimwa uzito na tandiko lako. Hakuna aliyewahi kumtandikia kitu. Alisema kabla ya kuanguka aliona zile nguo na akaona wanawake, na akaelewa kwamba ni kwa ajili yake, na hata sasa mfupa ukimuuma anakumbuka hilo.

Nikawatafsiria. Akina mama wakatazamana. Hakuna aliyemsahihisha.

Sasa hasira yangu inaanzia hapa. Kuna kijana alikuwa amerekodi tukio lote. Kwa wiki mbili video ile ilizunguka kwenye simu za vijana mji mzima, Minneapolis na Saint Paul, na kila Jumamosi wakawa wanakuja kwa mamia kuuliza wanawake wa kitenge wako wapi. Kyle akanipigia, sauti tamu kama juisi ya boksi. Nilikwenda nikijua naenda kufukuzwa rasmi. Ukutani ofisini kwake kulikuwa na bango jipya, kubwa, rangi ya njano na bluu, na maneno yangu yameandikwa juu yake kwa Kiingereza: mpokeeni kama bibi harusi. Siku ile nilidhani anaandika mashtaka, kumbe alikuwa anaandika tangazo.

Kiti kipo, alisema. Mchana, mwaka mzima. Alinionyesha na dirisha lake. Kinachotakiwa ni akina mama kumi, kila Jumamosi, vitenge ofisi itawashonea vyenye nembo ya uwanja. Nikamuuliza, na farasi akiogopa tena? Akacheka, akasema hapana, bima haikubali farasi. Watandikiwe mbwa. Mbwa aliyeshinda anapita juu ya kitenge, akina mama wanapiga ile sauti yao, vijana wanapiga picha.

Ninyi mtaniuliza kama nilimtukana. Sikumtukana. Hilo ndilo linalonichoma. Nilisema nitawauliza. Nilikuwa nakitazama kile kiti.

Jumapili nikamngoja Mama Furaha baada ya ibada, pale kanisani kwetu Frogtown, kwenye maegesho. Nikamwambia yote, haraka haraka, kiti kwanza, mbwa mwisho. Nilitegemea anizabe kibao. Aliweka mkoba wake juu ya gari, akaniambia, "Mama Ester, najua mtoto analala kwa watu. Kwa ajili ya mtoto kulala na mama yake, mimi nitatandika hata kwa panya. Lakini wale wengine wataniuliza. Kitenge tunatandikia bibi harusi. Tunatandikia aliyefaulu. Tunatandikia aliyerudi. Wewe nisaidie jibu. Huyu mbwa tumwambie ni nani?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anangoja jibu kweli, angelipata angelipeleka. Nikalitafuta kwenye maegesho yale, chini, juu. Nikamwambia, "Ni mbwa tu, mama."

"Haya," akasema. Akachukua mkoba wake.

Jumatatu nikarudisha fulana ya kijani. Kyle alishangaa kwa dhati, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo: kwamba alishangaa. Aliniuliza kama tatizo ni nembo.

Basi, ile kazi ipo, wadogo zangu. Tangazo mliloliona ni la kweli. Mkitaka iombeni, sitawanunia. Nendeni na chupa ya maji, viatu vya kufunika vidole, na mkikaa karibu na farasi msipite nyuma yake bila kumsemesha. Wapeni vijana majina ya kucheka, wapelekeni kule wanakozungushwa farasi, wafundisheni kutazama. Anayetaka kubeti abeti kidogo na ainue kichwa. Mkishika maiki msiseme msichokiona, mimi nilitangaza bibi harusi asiyekuwepo, na mtu akavunjika. Na kama watawaambia mlete mama zenu, waulizeni kwanza mama zenu wanakuja kumpokea nani. Msipopata jibu, rudisheni fulana.

Mimi bado naogesha wazee usiku. Sikupata kitu kingine, msidhani hadithi hii inaishia kwenye kiti. Ila kusuka nasuka. Jumamosi mchana, sijalala, macho yanauma, Ester kati ya magoti yangu, na jirani anakuja kutazama kama mistari imenyooka.

Msimu uliopita Nando alinitumia ujumbe kwamba mfupa umeunga na anapanda tena. Nikaenda na Ester, na Mama Furaha akasema anakuja kunyoosha miguu. Mvua ilikuwa imenyesha. Farasi wa Nando alianza wa mwisho, akakaa wa mwisho, akamaliza wa mwisho, wa nane kati ya wanane. Laiti ningekuwa na maiki ningemwita Mhasibu wa Kanisa, hana haraka ya kutoa kitu. Watu wote waliondoka kwenye fensi kwa sababu mbwa walikuwa wanaanza, na Kyle alikuwa huko anapiga picha, viatu vyeupe.

Wapanda farasi wakishapima uzito wanapita kwenye njia ya saruji nyuma ya jengo kwenda kubadilisha nguo. Hapakuwa na farasi hapo, hapakuwa na mtu. Nando akatokea peke yake, tandiko begani, tope mpaka kwenye nyusi. Mama Furaha akafungua kitenge chake cha juu, kile cha njano na bluu, akakitandika kwenye saruji. Hakupiga kigelegele. Nando akasimama. Akakitazama kile kitenge, akatazama viatu vyake, kisha akaegemea ukuta akaanza kuvivua, kimoja, na cha pili.

Ester akanivuta mkono, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mbona tunamtandikia aliyekuwa wa mwisho. Mama Furaha Kiingereza chake kinaishia kwenye asante, lakini alimwona mtoto anavyotazama.

"Amerudi," akamwambia. Kisha akaniambia nishike ncha ya huku, upepo unakiinua.